Kurudisha Pikipiki ya Zamani Katika Hali ya Kiwandani: Mwongozo Kamili wa Gereji ya Nyumbani

Maswali yanayonifikia kuhusu kufufua pikipiki za zamani yanafanana mno. Mtu amefungua kila kitu katika wikiendi moja, amepeleka tangi kupakwa rangi, kisha amekwama. Ana maboksi ya nati asizozitambua, madigadi haikai mahali pake, na rangi mpya imeshakwaruzika kabla injini haijafungwa. Mkono wake wa ufundi hauna tatizo. Kilichomwangusha ni mpangilio wa kazi.

Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mfuatano wake, hasa ya 2 na ya 6, ambazo ndizo watu huziruka. Pikipiki ninazozungumzia ni zile za kabureta na platini (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche), za kabla ya miaka ya 1980 kwa makadirio, ziwe za Uingereza, Ujerumani, Italia au Japani.

## Vitu vya kuandaa

Vitabu viwili. Kitabu cha ufundi na kitabu cha vipuri, vyote vya modeli yako na mwaka wake. Wengi hununua cha ufundi peke yake. Cha vipuri ndicho chenye michoro inayoonyesha kila washa imekaa upande gani na ngapi, na ndicho kitakachokuamulia ubishi wote wa uhalisia.

Spana za kipimo sahihi. Pikipiki za Uingereza za zamani hutumia nati za Whitworth na jamaa zake, na za baadaye huchanganya na nyuzi za UNF. Za Ujerumani na Japani ni za milimita. Spana "inayokaribia" humaliza pembe za nati ambayo huenda haipatikani tena. Skrubu za Kijapani nazo zina kichwa cha msalaba chenye umbo lake, la JIS, yaani kiwango cha viwanda cha Japani. Bisibisi ya kawaida ya msalaba huruka na kukila. Tafuta bisibisi ya JIS, pamoja na bisibisi ya kugonga kwa skrubu zilizoganda.

Vipimo. Fila geji (vibati vya kupimia mianya), maikromita, kalipa, multimita na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza).

Pula (kifaa cha kung'olea) ya flaiwili na ya klachi inayolingana na modeli yako. Usiing'oe flaiwili kwa nyundo na bisibisi. Utapinda shafti.

Vya kawaida. Mafuta ya taa ya kuoshea, mafuta ya kulegeza kutu, msasa wa namba 120 hadi 1000, brashi za waya, mifuko midogo ya plastiki yenye kufungika, lebo, kalamu isiyofutika, kamera ya simu, na meza imara au stendi ya kuinulia pikipiki.

Usalama. Miwani, glavu, barakoa ya vumbi laini, kizima moto cha unga, na gereji inayopitisha hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche.

Vipuri usinunue bado. Orodha yake itatoka hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Thibitisha unachokifufua

Soma namba ya chesisi na namba ya injini, uzilinganishe na nyaraka za umiliki na kumbukumbu za modeli. Zipige picha kabla ya kusafisha kwa nguvu. Usizisugue kwa grainda wala kuzikandika rangi nzito. Namba iliyoharibika huondoa thamani na huleta maswali ya kisheria ambayo hakuna fundi atakayekujibia.

Kisha tafuta rangi ya kwanza. Kwenye tangi lililopakwa mara tatu, rangi ya kiwandani bado ipo mahali ambapo jua na brashi havikufika: chini ya tangi, nyuma ya nembo, ndani ya kikombe cha taa ya mbele, chini ya kifuniko cha boksi la zana. Kwangua kidogokidogo kwa msasa mlaini wenye maji. Tabaka zitajitokeza kama pete za mti, na ya chini kabisa, juu ya praima, ndiyo unayoitaka.

Hapa pia ndipo pa kuamua kama kweli unahitaji kupaka rangi. Pikipiki yenye rangi yake ya kwanza, hata ikiwa imefifia na kuchunika, ina kitu ambacho hakuna mpaka rangi atakayekirudisha. Ikiwa asilimia kubwa ya rangi ipo, msimamo wangu ni kuiosha, kuipaka nta, kushughulikia mitambo na kuiacha ionyeshe umri wake.

Umefaulu ikiwa una ukurasa ulioandikwa namba zote mbili, mwaka, rangi, na vitu unavyojua si vya kiwandani.

## Hatua ya 2: Piga picha, pima, ndipo ufungue

Hii ndiyo hatua inayoamua kama pikipiki itarudi kuwa pikipiki. Kuikumbuka kichwani haiwezekani. Kazi hii huchukua miezi, mara nyingi miaka, na utakayeifunga hutakuwa na kumbukumbu ya yule aliyeifungua.

Ipige picha ikiwa nzima, pande zote. Kisha piga picha kila sehemu kabla ya kuigusa: kebo zinapita juu au chini ya chesisi, waya upi umeingia wapi, springi imeshikwa tundu gani, washa imekaa ndani au nje. Weka rula ndani ya picha panapohitaji kipimo.

Kila kundi la nati liende kwenye mfuko wake wenye lebo kamili. "Nati za injini" haitoshi. Andika "bolti za juu za kushikilia injini, upande wa cheni, ndefu mbele". Panapowezekana, rudisha bolti kwenye tundu lake baada ya kutoa kipande.

Kabla ya kutoa magurudumu, fanya vipimo viwili ambavyo karibu kila anayeniandikia huwa hakuvifanya:

- Weka ubao ulionyooka au uzi uliokazwa kila upande wa tairi la nyuma, uende hadi la mbele. Nafasi kati ya uzi na tairi la mbele iwe sawa pande zote. Ikitofautiana, chesisi au foki imepinda, au gurudumu la nyuma limekaa vibaya. Ila kumbuka kuwa modeli chache zilipangwa hivyo makusudi.
- Pima umbali kutoka ukingo wa rimu hadi uso wa hab (kitovu cha gurudumu), pande zote mbili. Rimu nyingi hazikai katikati ya hab, na ukikata spoki bila kipimo hiki, huna pa kukipata tena.

Fungua kwa mpangilio: tangi na siti, betri na waya, ekzosi, kabureta, injini, magurudumu, foki, mwisho kabisa stendi. Injini ilegeze kabla haijatoka. Nati ya sproketi ya mbele na ya klachi hulegezwa kirahisi injini ikiwa bado kwenye chesisi, gia imeingizwa na breki ya nyuma imekanyagwa.

Kwenye kichwa cha usukani, modeli nyingi za zamani zina gololi zisizo na kizuizi. Tandaza kitambaa chini kabla ya kulegeza, zihesabu, andika idadi.

Nati iliyoganda: mafuta ya kulegeza, subiri usiku kucha, kisha joto la bunduki ya hewa, kisha jaribu kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Nguvu iwe ya mwisho. Moto wa wazi usiukaribishe palipo na petroli. Wala usichomelee wala kupasha moto kipande kilichosafishwa kwa dawa ya breki yenye klorini: mabaki yake yakipata joto kali hutoa fosjini, gesi yenye sumu ya kuua.

Umefaulu ikiwa mtu mwingine angeweza kuifunga pikipiki hiyo kwa picha na lebo zako peke yake.

## Hatua ya 3: Kagua, kisha andika orodha

Osha kila kipande kwa mafuta ya taa na brashi, kikaushe, ukigawe katika mafungu matatu: kizima, cha kutengeneza, cha kubadilisha.

Usitupe kitu hadi pikipiki iwe barabarani. Kipuri kipya cha kuiga mara nyingi hakilingani, na kipande kibovu cha kwanza ndicho sampuli ya kulinganishia. Madigadi ya zamani iliyopindika lakini ya chuma kinene, kwa kawaida ni bora kuinyoosha kuliko kununua ya kuiga ambayo matundu yake yametobolewa nusu sentimita pembeni.

Kwenye chesisi, angalia nyufa karibu na kichwa cha usukani, kwenye mishiko ya injini na kwenye bushi za mkono wa nyuma. Mstari mwembamba wa kutu unaotokea kwenye rangi ni dalili ya ufa. Foki itembeze juu ya kioo kinene au sakafu iliyonyooka. Ikipindika utaona mwanga unapita chini yake.

Beringi, sili za oili, gasketi, kebo, mipira yote na matairi: badilisha bila kujadili. Matairi yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 yana namba ya tarakimu nne mwishoni mwa msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukiona tarakimu tatu, tairi ni la karne iliyopita, hata kama vijinywele vya mpira bado vipo.

## Hatua ya 4: Injini

Injini iliyoganda usiilazimishe kwa kiki. Meno ya gia ya kiki huvunjika kabla pistoni haijasogea. Toa plagi, mimina mafuta ya kulegeza ndani ya silinda, iache siku kadhaa ukiongeza. Kisha ingiza gia ya juu na utikise gurudumu la nyuma mbele na nyuma kidogokidogo. Injini ikiwa nje, tikisa kwa spana kwenye nati ya krenkishafti, ukiwa umetoa silinda hedi ili uone kinachoendelea.

Kasha la injini la aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Huo ndio ufunguo wa kutoa na kuweka beringi bila kuumiza kitu. Pasha kasha hadi tone la mate au maji lichemke papo hapo, takriban nyuzi 100, na beringi ya zamani itadondoka kwa kugongwa kidogo. Wakati wa kuweka mpya, ilaze beringi kwenye friza usiku mzima, pasha kasha, na itaingia kwa kidole. Ukiona unahitaji nyundo, kasha halijapata joto la kutosha. Joto lienee lote. Moto wa sehemu moja hupinda kasha.

Ndani ya silinda pima kipenyo juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokatana. Ikiwa imelika kuzidi kiwango cha kitabu, mpe fundi wa mashine aichonge. Mpe na pistoni mpya mkononi: silinda huchongwa kuifuata pistoni, na hasara ya kufanya kinyume ni yako.

Kabla ya kuvisha ringi, ingiza kila moja ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Kitabu kikikosa namba, kanuni ya mafundi wa zamani ni takriban milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo. Mwanya mdogo kupita kiasi ni hatari kuliko mkubwa. Ringi ikipata joto ncha zake hugongana na pistoni hukwama.

Kuna sehemu moja inayoua injini zilizofufuliwa vizuri kabisa. Injini nyingi za silinda mbili za Uingereza, zikiwemo za Triumph na BSA, zina mrija wa kunasa uchafu ndani ya krenkishafti. Kwa miaka mingi hujaa tope gumu kama lami. Ukifunga beringi mpya bila kuusafisha, oili safi hulegeza kipande cha tope, huziba njia, na konirodi (fimbo inayounga pistoni na krenkishafti) huachia. Plagi yake ya skrubu huwa imeganda na imegongwa alama kwa chuma chenye ncha ili isifunguke. Itoboe ile alama, pasha joto, uitoe, usafishe hadi upulize hewa na itoke matundu yote.

Kasha usilipige mchanga. Punje hujificha kwenye njia za oili na hutoka siku utakayowasha, na vumbi la mchanga huharibu mapafu bila kurudi nyuma. Kostik soda nayo ni marufuku kwa aluminiamu. Huila na kutoa haidrojeni. Sabuni ya mafuta, brashi ya nailoni na subira vinatosha. Na tafadhali usiling'arishe kama kioo. Makasha mengi yalitoka kiwandani na uso mkavu wa kalibu, na vifuniko vya pembeni tu ndivyo vilivyong'arishwa. Pikipiki inayong'aa kuliko ilivyozaliwa haijarudishwa katika hali yake.

Umefaulu ikiwa injini iliyofungwa inazunguka kwa mkono bila kukwama popote, plagi ikiwa nje, na gia zote zinaingia ukiwa unazungusha shafti.

## Hatua ya 5: Kutu na tangi

Vipande vidogo vya chuma viloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye asidi ya sitriki, gramu 50 hadi 100 kwa lita. Visugue, vioshe, vikaushe mara moja, vipake mafuta. Springi na bolti ngumu zisiingie humo. Asidi huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, kisha kikavunjika ghafla kikiwa kazini.

Tangi lina utaratibu wake:

1. Mwaga petroli yote, osha kwa maji ya moto yenye sabuni mara kadhaa hadi harufu iishe. Toa bomba la petroli na kifuniko.
2. Tia nati kadhaa za zamani au kipande cha cheni ndani, na maji kidogo, ulitikise. Zihesabu kabla ya kutia.
3. Jaza maji ya asidi ya sitriki hadi juu kabisa. Ukiacha nafasi, kutu hubaki pale juu. Acha saa 24, angalia, rudia ikibidi. Rangi ya kwanza ya nje ifunike vizuri.
4. Mwaga, osha, kisha suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi.
5. Suuza kwa spiriti, kausha haraka kwa hewa ya vuguvugu, mimina petroli iliyochanganywa na oili kidogo, uzungushe tangi ili kila pembe ipate. Chuma kitupu hushika kutu ndani ya dakika chache.

Ukipendelea kuondoa kutu kwa umeme na magadi ya kufulia, usitumie chuma cha pua kama ufito wa kupitishia umeme. Hutoa kromu yenye sumu. Na fanya nje, kwa sababu haidrojeni hutoka.

Dawa ya kufunika tangi kwa ndani ni kimbilio la mwisho, kwa tangi linalovuja vitobo vidogo. Ikibanduka baadaye, vipande huziba kabureta, na petroli yenye ethanoli huharakisha hilo. Kuchomelea tangi nyumbani usijaribu hata kama limekauka miaka kumi. Mvuke uliofichwa kwenye maungio unatosha kulilipua.

## Hatua ya 6: Funga pikipiki nzima bila rangi

Hii ndiyo hatua inayochukiwa. Mtu ana chesisi safi, anataka rangi. Ngoja.

Funga kila kitu kwa chuma kitupu au praima: injini, magurudumu ya zamani, madigadi, tangi, siti, ekzosi, mshiko wa namba, kebo. Kila bolti iingie. Madigadi mpya itahitaji kupinda, tundu litahitaji kupanuliwa, mguu wa stendi utahitaji kuchomelewa. Kazi zote hizo huunguza au kukwaruza rangi. Zifanye sasa.

Zungusha usukani kutoka upande hadi upande, uone kebo hazivutwi na foki haigusi tangi. Bonyeza shokapu hadi chini, uone tairi haligusi madigadi. Ikunje siti. Piga kiki, uone haigongi ekzosi wala kikanyagio. Andika kila washa uliyoiongeza.

Umefaulu ikiwa ungeweza kuisukuma nje, ukaikalia, ukakuta kila kitu kinafikiwa na mkono na mguu. Ifungue tena, kwa lebo zilezile.

## Hatua ya 7: Rangi na mchovyo

Viwanda vingi vya zamani vilipaka enameli na kuipika tanurini. Rangi ya unga inayopendwa siku hizi ni ngumu na nzuri kwa kazi nyingine, ila ni nene: hufunika namba, huziba nyuzi za bolti na huficha alama za uchomeleaji zinazoipa chesisi sura yake. Kwa urejeshaji wa kweli, rangi ya kupuliza.

Mpangilio: praima ya kushika chuma, praima ya kujaza, msasa wa maji namba 400 hadi 600, tabaka nyembamba za rangi. Vanishi ya juu iweke tu kama kiwanda kiliiweka. Ziba sehemu za beringi, nyuzi zote na mahali waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye betri) unaposhika chesisi.

Rangi ya vijenzi viwili huwa na isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya vumbi haizuii chochote hapo. Inahitaji hewa safi inayoletwa kwa mrija. Ikiwa huna, andaa vipande mwenyewe hadi praima, kisha mpe mpaka rangi mwenye chumba chake. Hakuna aibu katika hilo, na tangi ndilo jambo la kwanza kila jicho litaangalia.

Kuhusu mchovyo (kufunika chuma kwa madini kama nikeli au kromu), kabla ya miaka ya 1930 kitu king'aacho kwa kawaida kilikuwa nikeli, yenye joto la manjano kidogo. Kromu ya samawati juu ya pikipiki ya 1925 inajianika yenyewe. Bolti nyingi za kiwandani zilikuwa za zinki au kadimia. Za chuma cha pua hazishiki kutu, lakini mkaguzi huziona mara moja.

Kromu haifichi mkwaruzo. Huukuza. Sehemu kubwa ya kazi ni kusugua kabla ya kuchovya. Kabla ya kukabidhi vipande, vipange mezani, uvihesabu na kupiga picha ukiwa na mchovyaji, kwa sababu vidogo hupotea kwenye matangi yao. Springi na bolti ngumu zikichovywa ni lazima zipikwe baadaye kutoa haidrojeni. Uliza kama wanafanya hivyo.

## Hatua ya 8: Magurudumu na breki

Spoki zote zipangwe kwa kulegea kwanza, kufuata picha, kisha zikazwe kwa zamu, robo mzunguko kila moja, ukizunguka rimu nzima. Sahihisha kwanza kupanda na kushuka, kisha kwenda pembeni, huku ukirudia kile kipimo cha hatua ya 2. Lenga mchezo usiozidi milimita 1. Gonga spoki kwa spana. Zote zilie kwa sauti inayokaribiana. Ncha zinazotokeza zisagwe, la sivyo zitatoboa tyubu.

Viatu vya breki vya zamani mara nyingi vina asbesto. Usipulize vumbi lake kwa hewa. Lowesha, futa kwa kitambaa, kitupe kwenye mfuko uliofungwa.

Unapokaza nati ya ekseli, shikilia breki ikiwa imekamata. Viatu hujipanga katikati ya dramu, na breki ambayo wengi wangeilaumu kwa uzee huanza kushika. Modeli za breki ya maji, badilisha mipira na mabomba yote, na maji ya breki yasiguse rangi.

## Hatua ya 9: Umeme

Soma mchoro kabla ya kununua waya. Pikipiki nyingi za Uingereza zilifunga upande chanya wa betri kwenye chesisi. Ukigeuza, rektifaya (inayogeuza umeme wa jenereta uwe wa kuchaji betri) huungua mara moja. Mifumo ya volti 6 hubeba mkondo mara mbili ya volti 12 kwa taa ya wati zilezile, hivyo waya mwembamba na kiungo chenye kutu hufanya taa iwe ya mshumaa. Rangi mpya nayo huzuia ethi. Ongeza waya wa ethi uliofichwa kutoka injini hadi betri.

Mara ya kwanza kuunganisha betri, pitisha umeme kupitia balbu ya wati 21. Balbu ikiwaka kwa nguvu swichi zote zikiwa zimezimwa, kuna shoti, na hakuna kilichoungua. Ikibaki imezimika, weka fyuzi badala yake.

Mwanya wa platini fuata kitabu. Mifumo ya koili na betri mara nyingi ni milimita 0.35 hadi 0.40, ya magneto (inayotoa cheche bila betri) takriban 0.30. Kondensa, inayolinda platini zisiungue, badilisha. Injini inayowaka ikiwa baridi na kuzimika ikipata joto, mara nyingi inalia kwa ajili ya kondensa au koili.

## Hatua ya 10: Kabureta

Jeti zipulizwe, zisichokonolewe kwa waya wa chuma. Shaba hupanuka na pikipiki itakunywa petroli daima. Floti ya shaba itumbukize kwenye maji ya moto. Ikitoa povu, ina tundu. Bolti za kushikia kabureta zikaze kwa kiasi, kwani mdomo wake hupinda kirahisi na kuvuta hewa. Skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli anzia mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipokaa chini.

## Hatua ya 11: Kuwasha mara ya kwanza

Fanya nje, kizima moto kikiwa karibu. Gesi ya ekzosi huua ndani ya gereji iliyofungwa.

Tumia chupa ndogo ya petroli iliyotundikwa, si tangi. Ikivuja, imevuja kikombe tu, na rangi yako ipo salama. Tia oili inayofaa klachi ya ndani ya oili, yenye alama ya JASO MA (kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki), isiyo na viongeza vya kupunguza msuguano kama ya magari. Plagi ikiwa nje, piga kiki hadi oili ifike juu, au uione ikirudi kwenye tangi lake kwa injini zenye tangi la oili la nje. Ikiwa injini ya aina hiyo imekaa wiki kadhaa, oili huenda imeshuka kwenye kasha. Imwage kwanza.

Ikishawaka, angalia oili inarudi. Kama hairudi ndani ya dakika moja, zima. Usiiache ingurume polepole nusu saa kwa kuifurahia. Ringi mpya zinahitaji mzigo ili zikae, na mngurumo mrefu bila mzigo hung'arisha silinda zikashindwa kuziba. Moshi wa mafuta dakika za mwanzo ni wa kawaida.

## Hatua ya 12: Kilomita za mwanzo

Kabla ya kutoka, hakikisha miguu yako inajua upande wa breki. Pikipiki nyingi za Uingereza za kabla ya katikati ya miaka ya 1970 zina gia mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto. Zungusha mitaa mitupu hadi uache kufikiri.

Safari ya kwanza iwe fupi ya kutosha kurudi kwa kusukuma. Beba spana. Badilisha kasi mara kwa mara, usiibane kwenye mlima kwa gia ya juu. Ikipoa kabisa, kaza upya silinda hedi kwa spana ya toki, pima upya mianya ya valvu, gusa spoki zote, na zungukia kila nati ya mshiko wa injini. Kitu kitakuwa kimelegea.

Mwaga oili baada ya kilomita 150 hivi, uichuje kwenye kitambaa cheupe. Unga mlaini wa kijivu ni ringi zinakaa. Vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kucha, simama hapo ufungue injini, kabla ya safari nyingine yoyote.